Bonge na Njiti Kwenye Ukurasa Mmoja

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Habari za huko, na za kazi, na za hicho chumba chako ulichosema dirisha lake halifunguki bila kisu? Sisi tupo. Mama miguu inamvimba lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana amemfokea muuza maji mpaka yule kaka akasukuma mkokoteni akakimbia na kusahau ndoo yake. Anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba Bonge bado yuko kwenye ujenzi wa barabara, anarudi mwisho wa mwezi, akirudi. Mimi ni palepale kiwandani, natia vifungo kwenye sare za shule. Vidole vyangu vimeizoea kazi hadi naweza kusinzia vyenyewe vikaendelea.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Nikifika kwenye jambo lenyewe nalia, na nikilia wewe unasema mtandao mbaya, nitakupigia baadaye. Karatasi haina mtandao.

Unajua kwamba baada ya kumzika Njiti, pacha wake Bonge alianza kushikwa na kifafa. Daktari akampa dawa ya maji, asubuhi na jioni, na tangu hapo ametulia. Tunaichukua hospitali kila mwezi. Sasa mwezi uliopita nimefika mapokezi, nikampa yule binti kadi ya Bonge, ile ya plastiki yenye namba. Akabofya. Akamtazama Bonge mgongoni kwangu, akatazama tena kioo cha kompyuta.

"Dada, samahani," akasema. "Mfumo unasema huyu amefariki."

"Aliyefariki ni mwenzake. Huyu ndiye anayekuvuta mkufu."

"Mimi namwona, dada. Mfumo ndio haumwoni."

Nikaenda dirisha la dawa. Mzee wa pale ni mtu mwema. Akaniambia dawa ile inafungiwa kabatini, kabati halifunguliwi bila karatasi, na karatasi inatoka kwenye mashine. "Na mashine haimwandikii marehemu dawa, mwanangu." Akanipa chupa iliyorudishwa na mgonjwa mwingine, imebaki robo. Maduka ya nje hayana, nimezunguka yote.

Nembo iliyoko kwenye kona ya kile kioo naifahamu. Ndiyo iliyo kwenye fulana uliyomletea Mama. Mfumo ni wa kampuni yenu. Basi nieleze, kwa maneno ya mtu aliyeishia shule pale nilipoishia mimi: kwa nini programu inaharibika? Na hii itatengenezwa lini?

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unaandika kama mtu anayegombana na kalamu. Mwambie Mama nakula. Dirisha bado ni la kisu. Kazi ni nyingi, tumeongezewa hospitali nyingine na bosi anazunguka nyuma ya viti vyetu kama msimamizi wa mtihani.

Kwanza, usiogope. Programu kuharibika ni jambo la kawaida kabisa. Kompyuta haifikirii, inafuata maagizo. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa aende moja kwa moja asigeuke, naye akapita katikati ya dimbwi. Wakati mwingine umeme unakatika mashine ikiwa bado inaandika. Wakati mwingine nafasi imejaa, au toleo jipya halielewani na la zamani, au kirusi kimeingia. Waambie wazime wawashe. Kisha waangalie kama kuna mtu alikosea kuingiza taarifa. Mara nyingi sana, dada, kosa huwa ni la mtumiaji.

Nitaulizauliza hapa ofisini. Pole kwa usumbufu.

Wabusu watoto.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Profesa,

Salamu zako zimefika. Mama amesema mtu anayekula huwa anasema amekula nini. Mimi sina neno. Kiwandani wametuhamishia chumba cha nyuma, joto lake ni la tanuri, na bibi tunayekaa naye meza moja ameanza kuziimbia mashine ili zisikwame. Zinakwama vilevile.

Wamezima, wamewasha. Bonge bado marehemu.

Umeandika "wabusu watoto". Nimembusu mmoja.

Nimekaa na binti wa mapokezi saa ya chakula, tumegawana ndizi zake. Ameniambia mwezi wa kwanza mliwaletea toleo jipya. Tangu siku hiyo, kila anapofungua jina, kioo kinamuuliza: hawa wawili ni mtu mmoja? Ndiyo, Hapana. Akibofya Hapana, unafunguka ukurasa mrefu wa kujaza, na foleni imefika mlangoni, watoto wanatapika. Akibofya Ndiyo, kazi inaendelea. Swali lenyewe linakuja asubuhi hadi jioni. "Nilikuwa nabofya Ndiyo kama mtu anavyofukuza nzi," amesema. Halafu akalia, mimi nikabaki namshikia ganda la ndizi. Msimamizi wake ameshamwambia kosa ni la mtumiaji. Anaogopa kufukuzwa.

Sasa wewe uliyesoma nijibu. Watu wote wakianguka kwenye shimo moja, bado kosa ni la miguu yao?

Na kuna jingine nililikumbuka. Wanangu waliandikishwa siku ileile waliyozaliwa, kabla hatujawapa majina. Kwenye kompyuta wote wawili ni "Mtoto wa", halafu jina langu. Kadi mbili, namba mbili. Nimepeleka na kadi ya Njiti. Namba zote mbili zinafungua ukurasa mmoja.

Chupa imekaribia kwisha. Nimeanza kumpa Bonge nusu ya kipimo ili ifike mbele. Usiniambie ni hatari. Najua ni hatari. Niambie lini.

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Profesa,

Barua yangu ya Machi hujaijibu.

Jumapili Bonge alikakamaa mikononi mwa Mama. Macho yakapinda juu, povu likamtoka, na Mama na ile miguu yake akakimbia naye mpaka barabarani. Mimi nilikuwa kazini. Nilimkuta wodini amelala, mdomo umechubuka. Kwenye dharura hawaulizi kompyuta, walimchoma sindano. Lakini kuruhusiwa ndipo kazi ilipoanza, maana mfumo ulikataa kumtoa wodini mtu ambaye kwa hesabu zake alishatoka na kuzikwa. Daktari akaandika karatasi kwa mkono, akaigonga mhuri kwa hasira mpaka kikombe chake cha chai kikaruka.

Daktari huyo huyo ameiandikia kampuni yenu. Mmemjibu kwamba ombi limepokelewa na limepewa namba.

Mama anauliza kwa nini huandiki. Nimemwambia una kazi nyingi. Hiyo ni mara ya mwisho nakusemea.


Tarehe 14 Mei

Dada,

Shikamoo. Sina habari za kusimulia huku, naomba nisizitunge.

Barua yako ya Machi niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaiweka chini ya godoro. Ile ya Aprili niliisoma ofisini. Mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Nitakueleza kama nilivyopaswa kukueleza mwanzo. Hospitali zilikuwa zinalalamika. Mtu akipoteza kadi anaandikishwa upya, na baada ya muda mtu mmoja anakuwa na kurasa tatu. Wakataka marudio yote yaunganishwe, tena haraka, kabla mwaka mpya haujaanza. Basi yakaandikwa maagizo: jina likiwa moja, mama mmoja, tarehe ya kuzaliwa moja na wote ni wa kiume, huyo ni mtu mmoja, ubaki ukurasa mmoja. Na ukurasa mmoja ukisema amefariki, neno hilo lishinde.

Kabla ya kutuma tulijaribu. Lakini tulijaribu kwa wagonjwa wa kubuni, tuliowatunga hapahapa mezani, kila mmoja na jina lake zuri na siku yake ya kuzaliwa. Hakuna aliyewatunga mapacha. Hakuna aliyemtunga mtoto asiye na jina. Na lile swali la Ndiyo na Hapana liliwekwa ili mwanadamu aangalie kabla mashine haijaamua, ila hakuna aliyekwenda kukaa kwenye foleni aone mwanadamu huyo ana muda gani.

Kwa hiyo programu haikuharibika, dada. Si umeme, si kirusi, wala si yule binti. Ilifanya ilichoambiwa bila kukosea hata kidogo.

Pembeni ya kila mstari wa programu huwa kuna jina la aliyeuandika. Nimeangalia.

Leo asubuhi nimeingia kwenye ukurasa wa Bonge na kulifuta lile neno. Nenda kachukue dawa. Nimemwandikia pia msimamizi wa yule binti, nikamwambia kosa lilitoka kwetu.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Asante. Nianze na hilo. Mzee wa dirisha la dawa alifungua kabati kabla sijamaliza kumsalimia, akanipa chupa mbili, akasema "karibu tena duniani", akamfinya Bonge shavu. Bonge akampigia kelele. Binti wa mapokezi bado yuko kazini. Mama amelala usingizi wa kukoroma, na juzi alikutaja kwa jina lako halisi badala ya kukuita "yule".

Hukusema ulikuta jina la nani pembeni ya ule mstari. Sikuulizi.

Lakini nisikilize. Baada ya dawa nesi akamweka Bonge kwenye mzani, akaingiza uzito, akatazama ule mstari wa ukuaji kwenye kioo. Akashtuka. Mstari unapanda, unaporomoka, unapanda tena, kama meno ya msumeno. Akaniambia mtoto amekuwa akidhoofika vibaya, lazima aingizwe kwenye uji wa lishe. Profesa, unalijua paja la Bonge. Nesi mwenyewe ameshindwa kulizungushia utepe. Nikamwambia, dada, hapo umewachanganya wawili, huyu na marehemu mwenzake aliyezaliwa mdogo. Akatafuta juu, akatafuta chini.

"Mwenzake yupi?" akaniuliza. "Hapa una mtoto mmoja tu. Na yuko hai."

Nikampa kadi ya Njiti. Ikamfungua Bonge.

Hospitali ileile iliyompokea. Wodi ipo hatua chache kutoka kwenye ule mzani, kitanda cha dirishani, ndipo alipofia. Na hawana habari naye. Wewe hukuwepo, basi nikuambie: hatuna picha yake akiwa peke yake. Picha zote yuko na Bonge, na Bonge amemfunika. Palipokuwa pameandikwa uzito wake, na siku alizokohoa, na siku aliyoondoka, ni pale tu. Nilikuomba umrudishe Bonge. Sikukuomba umfute Njiti.

Mtu alisema kitu msibani, shangazi yake Baba Bonge. Alisema Bonge ndiye aliyenyonya yote, mwenzake akaachiwa harufu. Watu wakacheka kidogo, unajua watu wanavyocheka msibani. Na mimi nikacheka. Hilo tuliache.

Tena si wangu peke yao. Kwenye benchi nimekaa na mama wa mapacha wa kike. Mmoja amechanjwa mara mbili, wa pili kioo kinasema alishachanjwa. Huyo hana mdogo wake kwenye kampuni yenu. Umetengeneza ukurasa mmoja, Profesa. Nakuomba, na hapa ninakuomba kama niliyekubeba mgongoni na si kama mgonjwa wa foleni: litengeneze lile agizo lenyewe. Hata likichukua muda. Dawa sasa ninayo, naweza kusubiri.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake. Nimekula maharage na wali, mwambie. Dirisha limevunjika kabisa, sasa linafunguka muda wote.

Imechukua muda kwa sababu bosi hakutaka. Alisema mfumo unafanya kazi, na kinachofanya kazi hakiguswi. Nikampelekea barua yako ya Juni. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Alisoma ile sehemu ya benchi, akairudisha, akasema, "Unahitaji wiki ngapi?"

Nilianza kwa kwenda kukaa mapokezi kwenye hospitali moja ya huku, nyuma ya mama mmoja anayebofya. Nilikatazwa kusema, na nilikuwa nimejikataza mwenyewe kabla yao. Siku ile moja nilijifunza mengi kuliko mwaka mzima wa kukaa mezani. Lile agizo nimeling'oa. Sasa programu inaruhusiwa kushuku, hairuhusiwi kuamua. Inauliza pale tu penye shaka ya kweli, na Hapana ni rahisi kubofya kama Ndiyo. Mtoto akizaliwa, swali la kwanza ni kama amekuja peke yake. Na kurasa zikiunganishwa, zile za mwanzo hazitupwi tena, zinawekwa, ili mtu akigundua kosa aweze kuzitenganisha. Hilo la mwisho ndilo lililoniaibisha zaidi. Tulijenga mlango wa kuingilia tu.

Kuna nakala ya akiba ya Desemba, kabla ya toleo lile. Nimewatoa humo Bonge na Njiti, uzito mmoja mmoja, nikamrudishia kila mtu wake. Yule mama wa benchini, wasichana wake nao wametenganishwa.

Tumebadilisha na majaribio. Wagonjwa wa kubuni wa kwanza kabisa sasa ni mapacha wa kiume wasio na majina. Wasipotoka wawili upande wa pili, toleo zima linakataa kwenda popote, hata bosi apige meza. Jaribio lenyewe lazima liwe na jina, nikaliita Njiti. Linapita kila asubuhi kabla ya mengine. Likipita, linaandika neno moja la kijani.

Kulikuwa na kazi moja imebaki. Ukurasa wa Njiti ulirudi ukisema yuko hai, kwa sababu akiba ni ya zamani na hali ya kila mtu ilichukuliwa kwenye ukurasa wa sasa, na humo lile neno nililifuta mwenyewe mwezi wa tano. Ilibidi mtu aliandike tena kwa mkono, na tarehe yake. Mwenzangu alijitolea. Nikamkatalia. Niliandika tarehe, nikaandika neno, mfumo ukaniuliza kama nina hakika. Dada, sikuja kumzika. Nilisema nauli, nilisema kazi. Nilikaa mbele ya lile swali mpaka watu wakaanza kuzima taa za upande wa pili. Kisha nikabofya.

Mbusu Bonge.

Mdogo wako


Tarehe 25 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zote umepewa, na nyingine zaidi za Mama, ambaye anasema maharage anayopika mwanamume hayaivi. Baba Bonge amerudi na vumbi lake. Bonge anatembea akishika kuta, ameshavunja kikombe na redio. Hajashikwa tena na kifafa tangu arudie dawa.

Jana tulikuwa kliniki. Binti wa mapokezi alipoweka namba ya pili, nilimwona amekunja uso, akaanza kukigeuza kile kioo upande wake ili nisione.

"Kigeuze huku," nikamwambia.

"Dada, si lazima."

"Kigeuze."

Akakigeuza. Kurasa mbili. Mtoto wa, halafu jina langu. Mtoto wa, halafu jina langu. Mmoja hai, mmoja amefariki. Nilisoma neno lako, na tarehe yako, hukukosea.

Kisha nikamwomba anionyeshe ule mstari wa ukuaji wa Njiti. Peke yake, bila wa Bonge. Ni mstari mfupi, uko chini kabisa ya kioo. Nikaukaribia mpaka pua ikagusa, binti akaniacha, na foleni ikaniacha.

Ulikuwa unapanda, Profesa. Kidogo kidogo, kila alipopimwa, unapanda, mpaka ulipokatika. Alikuwa anashiba. Ni kifua kilichomchukua, kama daktari alivyosema, na mimi nilikuwa nimemsikia daktari kwa sikio moja na shangazi kwa masikio yote mawili. Nimetembea na lile neno lake mwaka huu wote, kazini, kitandani, nikimnyonyesha Bonge huku nikimtazama kama mwizi. Sikumwambia mtu. Nimekuambia wewe.

Sijapona. Usije ukafikiri nimepona. Leo asubuhi nimetia vifungo vya sare ndogo kabisa, za chekechea, na nimelia juu yake mpaka bibi wa mezani akaacha kuimba. Lakini ni kilio kingine.

Njoo ukipata likizo. Kaburi lipo nyuma ya uzio, nitakuonyesha, tutakwenda mimi na wewe tu.

Ile barua yako ya Februari uliyomalizia kwa "wabusu watoto" nilitaka kuichana. Nimeitoa jana nikaisoma tena. Ukiniandikia mara nyingine, maliza vilevile.

Dada yako